Zamu ya Nasambu

Sikusikia kitu. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi kwanza, kabla hata sijajua kwamba kuna mtu chini.

Nilikuwa nimeinama mbioni, nimelenga kiuno cha yule msichana mrefu wa timu ya raga ya Heroe wa Nakuru, na kofia yangu ilikuwa imekwisha kuganda. Ukiizoea hushtuki. Ute ulio ndani yake unakuwa mgumu ghafla, ukosi wa mabegani unaikamata shingo, na kwa muda wa kupepesa jicho kichwa na mgongo vinakuwa gogo moja. Halafu ute unalegea, unaamka, unakimbia. Basi niliamka. Yule msichana mrefu naye akaamka, akatema kinga ya meno na kunitupia neno la kwao ambalo silijui, ila nililielewa vizuri sana. Aliyebaki kwenye nyasi alikuwa na jezi ya njano kama yangu.

"Nasambu," nikamwambia, "inuka bana. Refa anatuangalia."

Alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja umenyooka hewani, umekakamaa, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kujibu swali. Nasambu ni mwalimu wa chekechea, kwa hiyo nilicheka. Ndiyo, nilicheka. Sikujua kwamba mkono ule haukuinuliwa na yeye.

Refa akaja akitembea, wala si mbio, akainama kutazama taa iliyo pembeni mwa kofia ya Nasambu, juu kidogo ya sikio. Tangu sheria ya kofia ipite, marefa hawatazami tena uso wa mchezaji. Wanatazama taa. Ikiwa nyekundu unatoka, ikiwa ya manjano daktari anaitwa, ikiwa kijani unacheza. Ya Nasambu ilikuwa kijani, tena ya kupendeza.

"Mzima," refa akasema, akapuliza kipenga cha mapumziko. Nasambu akainuka, akajipangusa magoti, akaanza kutembea kuelekea chumba cha timu ya wageni. Nilimshika mkono nikamgeuza. Akanishukuru kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa njia na mpita njia.

Wenzangu wakanirukia mabegani. "Mbili, Nakhanu! Mbili kabla ya mapumziko!" Nikacheka nao, nikanyoosha vidole viwili juu ili jukwaa lipige kelele. Kisha nikajaribu kuzikumbuka hizo trai mbili nilizofunga. Moja niliiona wazi: kona ya kulia, upande wa mlima Chetambe, mpira umelowa na kuteleza. Ya pili niliitafuta katika kila mfuko wa akili yangu, sikuipata.

Na mimi ndiye niliyekuwa na kofia iliyojaa kuliko zote uwanjani. Ningesahauje?

*

Chumba chetu cha kubadilishia ni stoo ya kiwanda cha zamani, paa la bati, harufu ya karatasi iliyooza miaka mingi kabla sijazaliwa. Kepteni wetu, Namaemba, alikuwa anagawa machungwa. Nasambu alipewa lake, akaketi kando yangu kwenye benchi.

"Tumeshinda?" akaniuliza.

"Ni mapumziko, dada. Tunaongoza."

"Aa, sawa." Akauma chungwa pamoja na ganda lake, akatafuna taratibu. "Tumeshinda?"

Nasambu ni mtu wa mizaha. Aliwahi kunitumia ujumbe kwamba ametekwa na nyuki, nami nikaacha ugali mezani nikakimbia hadi kwake. Kwa hiyo nilingoja kicheko. Nilikingoja hadi akameza ganda la chungwa, akaniuliza tena kama tumeshinda, na macho yake yalikuwa yanatazama mahali fulani nyuma ya kisogo changu.

Nikavua kofia nipate kujikuna, maana nikichanganyikiwa mimi hujikuna. Pale mbele, kwenye paji la kofia yangu, palikuwa na nyota ya karatasi. Nyota ndogo ya dhahabu, ya zile ambazo Nasambu huwabandikia watoto wake wakisoma vizuri. Yeye hubandika moja kwenye kofia yake kila mechi, juu ya sikio la kulia. Nikatazama kofia yake. Juu ya sikio la kulia palikuwa na alama ya gundi tu.

Ilikuwa kichwa changu, basi. Si cha Mnakuru. Sote wawili tulimwendea yule msichana mrefu kutoka pande mbili, naye akajikunja, na mimi nikamwingia Nasambu na gogo langu lote. Wala sikusikia.

Hapa lazima nieleze mzunguko wetu, maana bila huo hakuna kitakachoeleweka.

Kofia zote hutolewa na chama cha mchezo asubuhi ya mechi zikiwa na chaji sawa. Kila ute unapoganda, chaji inapungua. Ikiisha, ulichovaa ni kofia ya kuzuia jua. Waliozitengeneza wakaweka vipini vya chuma kwenye ukosi, ili mchezaji aliyeishiwa aweze kupokea kutoka kwa mwenzake wakigusana mabega. Hiyo ni ya dharura tu, kwa idhini ya daktari. Lakini Namaemba amelelewa katika vyama vya akina mama vya kuchangiana pesa. Mama yake aliezeka nyumba kwa zamu yake, akanunua ng'ombe kwa zamu nyingine. Namaemba alipoviona vile vipini aliuliza swali moja: kwa nini sote tuwe na kidogo kisichotosha, ilhali tunaweza kumjaza mmoja wetu, kisha mwingine, kisha mwingine?

"Na idhini ya daktari?" mtu akauliza siku ile.

"Hiyo ni ya dharura. Wewe umewahi kuona mechi ambayo si dharura?"

Basi ikawa hivyo. Kabla ya kila mechi tunasimama duara la sala, mabega kwa mabega, na katikati ya Baba Yetu kila mtu anampa mwenye zamu robo ya chaji yake. Mwenye zamu anacheza kama asiye na hofu, kwa kuwa kweli hana. Mpira wote unapelekwa kwake. Watu wa Webuye walidhani tumepata kocha mzuri. Wenzetu wawili waliong'aa katika zamu zao sasa wanacheza Japani, wanatutumia picha wakiwa kwenye theluji na kutuuliza kama mvua imenyesha.

Kanuni zilikuwa chache. Unatoa robo, usizidishe. Huruki zamu. Na ukishapokea, unaendelea kutoa mpaka wa mwisho apate. Tulipiga kura, na Nasambu ndiye aliyeangukia mwisho kabisa, siku ya fainali, tukifika. Alicheka akasema ya mwisho ndiyo yenye watazamaji.

Leo, mechi ya mwisho kabla ya fainali, ilikuwa zamu yangu. Kwenye duara Nasambu alisimama kushoto kwangu, ukosi wake umegusana na wangu, nami nikasikia kofia yangu ikinihesabia sikioni kile anachonipa. Robo. Nusu. "Dada, inatosha," nikamnong'oneza. "Chukua," akasema, "wiki ijayo utanirudishia zote, si ndiyo?" Akaendelea mpaka kofia yake ikanyamaza. Na mimi nilichukua, jamani. Niliona raha nikachukua.

Kofia ikiwa tupu haisomi kitu. Haijui umegongwa, haijui umelala. Taa yake tu ndiyo ina kibetri kidogo cha kushikilia rangi ya mwisho. Ile kijani nzuri ya Nasambu ilikuwa kijani ya asubuhi.

*

"Kepteni," nikamwambia Namaemba pembeni, karibu na ndoo za maji. "Nasambu hayuko sawa. Kofia yake ni tupu."

"Najua alikupa nyingi."

"Hakunipa nyingi. Alinipa zote."

Akaacha kumenya chungwa. "Amegongwa na nani?"

Nikamwonyesha nyota. Aliitazama, akaibandua kwa ukucha, akaibandika ndani ya mkono wake kama mtu asiyejua aiweke wapi.

"Tumtoe basi," nikasema. "Tumwingize mwingine, tuseme ni mguu."

"Kila kofia inayotoka uwanjani daktari anaifungua na kuisoma. Unajua hivyo. Ataikuta tupu, na kipindi cha pili hakijaanza. Atauliza." Namaemba akashusha sauti. Yeye akikasirika sauti hushuka, na hapo ndipo tunapomwogopa. "Tutafungiwa, na matokeo ya msimu mzima yatafutwa. Fainali hakuna. Haya, mimi nitavumilia, nimeshapokea. Wewe utavumilia, unapokea leo. Ni nani hajapokea?"

Nikageuka kumtazama Nasambu kwenye benchi.

"Ametoa mechi zote. Ya Kitale alicheza na homa, akatoa. Sasa wewe umeshakula yake unataka kuvunja mzunguko siku ileile. Kwetu mtu kama huyo anaitwaje, Nakhanu?"

"Mwizi."

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

"Na akigongwa tena?"

"Nitamwambia akae nyuma, asikabe mtu."

"Mtu wa mstari wa mbele wa skramu, wa kusukumana vichwa na mabega, akae nyuma wapi, Namaemba? Chini ya jukwaa?"

Sikufurahi kumshinda. Alisimama na chungwa lake nusu limemenywa, na nikaona kwamba naye hajui. Kepteni wetu, anayejua kila kitu, anayejua hata nani ana deni la usingizi, hakujua.

Nikarudi kwenye benchi. Nasambu alinishika kifundo cha mkono, akanivuta. Macho yake yalikuwa yamerudi, au yalionekana hivyo.

"Nimewasikia. Usiseme, mdogo wangu."

"Dada, unaumwa."

"Kichwa tu. Nani hana kichwa? Wiki ijayo wale Wajapani wa kusajili wachezaji watakuja kuangalia. Mimi nina umri gani? Nikingoja msimu mwingine watanipa kazi ya kuuza tiketi." Akacheka kile kicheko chake halisi, na moyo wangu ukatulia kidogo. Yuko sawa, nikajiambia. Anacheka, anajua umri wake, anajua Japani.

"Sawa," nikasema.

"Asante." Akanipigapiga mkono. "Tumeshinda?"

*

Nilimwendea Daktari Chesang kwa kisingizio cha kidole. Hema lake lilikuwa ukingoni mwa uwanja, na yeye alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja akitafuna njugu. Ni mtu wa Mlima Elgon, mpole, mwenye mikono midogo. Chama cha mchezo humleta kila mechi, na kila mechi hana kazi, kwa sababu taa zote huwa kijani.

"Kidole hiki hakina kitu," akasema.

"Daktari, nina swali basi. Kofia ikijaa kabisa, mtu anaweza kupata mtikisiko wa ubongo?"

Akaweka njugu chini. Alionekana kama mtu aliyengoja swali hilo kwa misimu kadhaa.

"Kwetu maziwa tunayatikisa ndani ya kibuyu," akasema. "Nimetikisa sana nikiwa mdogo, mama yangu hakuwa na huruma. Kibuyu hakipati hata ufa. Lakini ukikifungua, unakuta maziwa si yale uliyoweka. Sasa kofia inashika nini? Inashika kibuyu. Tena inakishika vizuri, inakizuia kisizunguke ghafla, na kule kuzunguka ndiko kubaya zaidi. Ila mikono yake haifiki ndani."

"Kwa hiyo haizuii."

"Inapunguza. Mimi kwenye kila kikao nasema inapunguza, wao wanakwenda kutangaza inazuia." Akatikisa kichwa. "Na kuna jambo jingine. Zamani wachezaji walikabana kwa hofu kidogo. Hofu nayo ilikuwa kofia. Siku hizi mnaingiana kama fahali wa kupiganishwa wa Khayega. Kofia inapunguza nusu, nyinyi mnaongeza nguvu maradufu. Mnarudi palepale."

Nilikuwa nimesimama, lakini niliona kama ardhi ya hema ina mteremko ambao haukuwepo nilipoingia. "Na mtu aliyetikisika, akitikiswa tena siku hiyohiyo?"

Sasa hakutabasamu. "Hiyo ndiyo inayoua. Ubongo unavimba, na hauna pa kuvimbia." Akanitazama. "Unamuulizia nani?"

Jina lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Lakini lile neno nililolisema mwenyewe kule stoo lilikuwa limekaa kwenye ulimi kama mwiba wa samaki, na jina la Nasambu halikuweza kulipita.

"Naulizia tu," nikasema.

Akainama kutazama taa yangu. "Wewe ni kijani. Si wewe uliyefunga mbili? Ile ya pili ilinifanya nisimame. Umemruka yule mlinzi wao wa nyuma kama mtu anayeruka mtaro!"

"Asante, Daktari."

Sikumruka mtu. Mimi, kwa kumbukumbu zangu zote, sikumruka mtu yeyote leo. Nilitoka hemani nikiwa nimeshika kichwa kwa mikono miwili, nikitembea kando ya mstari wa chokaa, na nilichanganyikiwa kuliko nilivyowahi kuchanganyikiwa maishani. Kofia yangu ilikuwa hai, imejaa, inasoma, na inasema mimi ni mzima. Ya Nasambu ilikuwa imekufa nayo inasema yeye ni mzima. Daktari anasema hata iliyo hai haifiki ndani. Basi hiki kichwa kinachopaswa kuamua kama nimsaliti Nasambu au nimwokoe, ni nani aliyekikagua? Pengine ile nyota niliibandika mwenyewe. Pengine Nasambu anafanya mzaha na mimi ndiye mgonjwa. Nilitamani mtu yeyote anishike bega aniambie ni kipi kilichotokea, hata kama angenidanganya.

Refa akapuliza kipenga cha kutuita.

*

Tukasimama duara. Namaemba alikuwa upande wa pili, ananitazama moja kwa moja.

"Kila mtu atoe robo nyingine," akasema. "Nakhanu amalize kazi. Tusali."

Nasambu alisimama kushoto kwangu tena, ukosi kwa ukosi. Alikuwa amevaa kinga ya meno juu chini. Alikuwa anayumba, kidogo tu, kama mtu anayesikia muziki wa mbali, na kila alipoyumba bega lake liliegemea langu na kurudi.

Baba Yetu uliye mbinguni. Nikasikia robo za wenzangu zikiingia.

Nikawaza: kofia iliyokufa ikipata chaji huanza upya. Inasoma macho ya mtu, inasoma mizani ya mwili wake, ndipo inachagua rangi. Tunaiona ikifanya hivyo kila asubuhi ya mechi. Sitahitaji kusema kitu. Nitamrudishia dada yangu kilicho chake, mali yake mwenyewe, na hakuna mtu duniani anayeweza kumwita mwizi anayerudisha.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilijua ni ujanja. Nikagusa ukosi wangu.

"Unatoa kiasi gani?" kofia ikaniuliza sikioni.

"Zote."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Ilinihesabia kwa kurudi nyuma. Nusu. Robo. Kisha ikanyamaza, na nikasikia upepo masikioni kama mtu aliyetoka majini. Pembeni yangu kofia ya Nasambu ikalia ule mlio wake wa kuamka. Nyuzi mbili nyembamba za mwanga zikashuka kwenye macho yake, zikasimama, zikarudia, zikasimama tena. Halafu taa ikawa nyekundu.

Nasambu hakuweza kuiona taa yake. Yeye alisikia tu kile kilichosemwa sikioni mwake, na uso wake ukafunguka wote.

"Imejaa!" akasema. Akatutazama mmoja mmoja, duara zima. "Imejaa, jamani. Zamu yangu imefika?"

Hakuna aliyesema amina. Daktari Chesang alikuwa anakuja mbio, mfuko wake unampiga kiunoni.

"Zamu yangu imefika, Nakhanu?"

"Imefika, dada," nikamwambia.

"Mungu awabariki. Sitawaangusha." Akaanza kuruka palepale kupasha misuli, na magoti yakamkatalia, na mimi na daktari tukamdaka.

Taa ilikuwa imekwisha kusema nusu ya ukweli. Ningeweza kuacha ile nusu nyingine izikwe. Daktari angedhani ni kofia mbovu tu iliyochelewa kusoma, na huenda wengine wangecheza fainali. Niliona macho ya Namaemba yakiniomba hivyo. Lakini nilimtazama yule mwenzetu wa mwisho kulia, mtoto wa watu aliyeingia timu msimu huu, ametoa robo yake anangoja kwenda kugongwa, na nikachoka. Nilichoka na kutojua.

"Daktari, kofia yake ilikuwa tupu tangu mwanzo wa mechi," nikasema kwa sauti kubwa, refa asikie. "Alinipa mimi. Tunapeana wote, kila mechi. Na aliyemgonga ni mimi."

Namaemba akageuka, akaenda akasimama peke yake kwenye mstari wa katikati. Nyuma yangu mtu wetu, sikugeuka kutazama ni nani, akalitamka lile neno polepole.

Daktari akanivua kofia, akaniwashia kurunzi machoni. "Trai ya pili uliifungaje?"

"Sijui."

"Panda na wewe."

*

Gari la wagonjwa lilikuwa la umeme, halina mlio hata kidogo. Tulipotoka Webuye kuelekea Bungoma tulisikia tu magurudumu na maji ya dripu. Nasambu alikuwa amelazwa chali, shingo imefungwa. Mimi niliketi karibu na kichwa chake, daktari akaketi miguuni. Watu walisimama kando ya barabara na jezi za njano, hawajajua bado, wakatupungia.

"Nakhanu," Nasambu akasema.

"Naam, dada."

"Wiki ijayo ni zamu yangu, si ndiyo?"

Kule uwanjani nilimwambia imefika. Ulikuwa uongo wa haraka, na nilimwona jinsi ulivyomfurahisha. Sasa alikuwa amelala na hawezi kwenda popote, na uso wake umenielekea, na nikaona kwamba nikimdanganya tena nitakuwa nimechukua kutoka kwake kitu kingine juu ya kile nilichokwisha kuchukua.

"Hapana, dada," nikasema. "Hakuna fainali. Tumefungiwa. Nimemwambia daktari yote. Mzunguko nimeuvunja mimi, na zamu yangu nilikuwa nimeshaila."

Alielewa. Sijawahi kuona mtu akielewa kama vile. Kila kitu kilirudi machoni pake kwa pamoja, Kitale na homa, miezi yote ya kungoja, duara la asubuhi. Machozi yakamtiririka pembeni yakaingia masikioni, kwa kuwa hakuweza kugeuza kichwa.

"Wewe, Nakhanu?" akasema. "Nilikupa zote."

"Najua."

"Zote, Nakhanu!"

Akafumba macho. Nikaushika mkono wake, akauchomoa. Nililia, na sikujificha. Daktari alirekebisha dripu ambayo haikuwa na tatizo lolote. Tukavuka daraja, tukapita mashamba ya miwa.

Kisha Nasambu akafumbua macho. Yalikuwa meupe, yametulia, hayana kinyongo. Akajipangusa shavu, akashangaa kuona vidole vimelowa. Akanitafuta kwa mkono, akanipata, akanipigapiga kama anavyowapiga watoto wake wa chekechea wakifanya vizuri.

"Nakhanu, mdogo wangu," akasema, anatabasamu. "Wiki ijayo ni zamu yangu, si ndiyo?"

Daktari akanitazama, halafu akageukia dirishani.

"Hapana, dada," nikamwambia tena.